Dereva wa Nyumba ya Fortunato

Shemeji yangu Fortunato Yapura alikuwa fundi wa bodi za mabasi. Kama ulisafiri miaka ile kutoka Salta, kaskazini mwa Argentina, kwenda Orán au Tartagal, basi kiti ulichokalia, dirisha lililogoma kufunguka na bati lililokukinga mvua huenda vyote vilipita mikononi mwake. Aliwajengea watu mabasi maisha yake yote, na yeye mwenyewe hakwenda popote. Jumapili alitoka na dada yangu Zulema mpaka mtoni, wakala empanada zao, vile vipai vya nyama, kivulini, wakarudi nyumbani kabla jua halijapoa. Zulema alikuwa mwalimu wa chekechea. Nusu ya mji wetu imefundishwa naye kufunga kamba za viatu.

Alipostaafu, wenzake wa karakana walimchomea nyama na kumpa saa ya mkononi. Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Tucumán, kwenye mnada wa magari ya jeshi, na aliporudi alikuwa anavuta vumbi la barabara nzima. Alikuwa amekalia lori kuukuu la Benzi, la jeshi, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, refu kiasi kwamba lilipoegeshwa uani kwao lilizuia jua la jikoni kwangu. Sisi tunapakana ukuta.

Zulema alitoka na aproni yake kiunoni.

"Nini hicho?"

"Nyumba," alisema Fortunato.

"Nyumba tunayo."

"Hii itatembea."

Dada yangu alilizunguka lile lori polepole, kama anayekagua kucha za watoto. Akalipiga teke tairi. "Sawa," akasema. "Lakini mimi choo cha nje nilikichoka tangu utotoni. Kama nyumba yako haina choo cha ndani, utatembea peke yako."

Nilifikiri wataachana. Badala yake, kesho yake nilimkuta Zulema amepiga magoti uani na chaki mkononi, anachora chumba sakafuni kwa vipimo alivyopewa na mumewe. Hapa kitanda, hapa meza, hapa jiko, hapa choo. Alipomaliza akamwita Fortunato aingie ndani ya mstari.

"Shika birika. Geuka. Mimi nakata vitunguu. Sasa nipishe niende kitandani."

Wakagongana. Akafuta kwa kitambaa, akachora upya.

"Nica, njoo," akaniita, "wewe ni mgeni, umekaa mezani. Fortunato, mpe mgeni chai bila kumwagia mgongoni."

Tulicheza mchezo ule siku nyingi, wazee watatu tunapishana ndani ya chaki, majirani wanachungulia juu ya ukuta. Lakini siku sanduku lenyewe la nyumba lilipojengwa juu ya lori, hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Kuta zake zilikuwa mabati mawili ya alumini yenye povu gumu katikati. Zulema alisema anajengewa friji. Fortunato akamjibu kwamba friji na nyumba ya baridi ni kitu kimoja. Moja inazuia joto lisiingie, nyingine lisitoke. Tangi la maji hakuliweka chini ya chasisi kama malori mengine, alilificha ndani, chini ya kitanda, kwa sababu huko juu Puna, kwenye nyanda za baridi za milimani, maji yakikaa nje usiku mmoja yanapasua tangi. Juu ya paa akapanga sola, chini ya benchi akapanga betri. Kila kabati lina bawaba na kila mlango una komeo, maana barabara mbaya haina adabu kwa sahani. Hita ilikuwa ya dizeli, ndogo kama kopo la rangi. Na pembeni mwa meza akafungia dirisha kubwa, la vioo viwili, alilolikata kutoka basi lililopinduka.

"Dirisha kubwa ni baridi," nilimwambia.

"Shemeji, nimewakatia watu madirisha maelfu," akasema. "Sasa acha na mimi nichungulie."

Safari ya kwanza haikufika mbali. Alilipeleka kwenye mto mkavu kulijaribu, akapanda mawe kwa tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia, tukasikia mlio kama mtu kavunja kuni. Akazima injini. Zulema alikuwa nyuma anashikilia sufuria ya locro, mchuzi mzito wa mahindi, isimwagike.

"Fortunato! Mlango haufunguki!"

"Sukuma!"

"Nasukuma tangu ulipozima gari!"

Alitokea dirishani, mguu mmoja kwanza, aproni imenasa kwenye komeo, nami chini nimemshika unyayo nacheka mpaka machozi. Fortunato hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja kwenye pembe ya sanduku, mahali bati lilipochanika.

Kosa lilikuwa lake na alilijua pale pale. Alikuwa ameifunga bodi kwenye chasisi kwa bolti kila mahali, kama basi. Basi linakwenda kwenye lami. Lori la milimani linapopanda mawe, chasisi yake inajipinda kama mtu anayejigeuza kitandani, na bodi ikifungwa kila upande inapindwa nayo hadi ipasuke. Alijua ugonjwa, hakujua dawa.

Dawa aliipata kituo cha mafuta. Kulikuwa na lori la wasafiri wa Kijerumani, mume na mke, limeegeshwa kando ya pampu. Nilipotoka dukani nikaona miguu ya shemeji yangu imechomoza chini yake. Yule Mjerumani naye alirudi kutoka bafuni, taulo shingoni, akasimama anaitazama ile miguu. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Fortunato alitoka, uso mweusi kwa grisi, akaweka mikono yake miwili kifuani kwa heshima, kisha kwa kidole kichafu akachora kwenye vumbi la mlango: pointi mbili huku, moja kule, na ile moja inazunguka. Mjerumani akacheka, akachora na yeye. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, na walikaa chini ya lori lile hadi mkewe akaleta biskuti.

Akarudi nyumbani akafungua kila kitu. Bodi ikakalishwa juu ya fremu ya pili, na ile fremu ikashikwa na chasisi mahali patatu tu, ya mbele ikiwa na egemeo linalocheza. Chasisi ijipinde itakavyo, nyumba ikae sawa. Kazi hiyo ilianza kwenye baridi ikaisha wakati wa kanivali, katikati ya joto.

Sasa ndipo lilipokuja jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Tulikuwa tunapanda bonde la Toro, safari ya kweli ya kwanza. Fortunato usukanini, Zulema pembeni yake, mimi nyuma kwenye kitundu kinachounganisha kabini na sanduku, natoa kichwa kama mbuzi sokoni. Barabara ilikuwa inatengenezwa. Niliona mtu wa bendera nyekundu amesimama katikati ya njia, bendera juu. Gari halikupunguza mwendo. Zulema aliweka mkono kwenye honi na kuukandamiza, na yule mtu akaruka hadi mtaroni.

Fortunato alifunga breki. "Nini?" akauliza.

"Yule mtu hukumwona?"

"Mtu gani?"

Mtu wa bendera alikuwa anapanda kutoka mtaroni, anatutukana sote watatu pamoja na mama zetu, na alikuwa na haki. Zulema akasema kwa ile sauti yake ya darasani, ambayo haijawahi kuwa kali na haijawahi kukataliwa: "Liweke gari pembeni. Zima."

Akazima. Akaendelea kushika usukani.

"Nikikutazama usoni, Zulema," alisema, "siuoni uso. Naona nywele, naona masikio. Katikati pana moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu napaka rangi makabati."

Yalikuwa yamepita majira mawili. Dada yangu aligeuza kichwa akatazama mto kwa muda mrefu. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hilo hilo: mara ngapi mtu huyu ametuambia asubuhi kwamba tumependeza.

Yule wa bendera, alipoelezwa, hasira zikamwisha. Alimpa mwenzake bendera, akashika usukani akaturudisha mwenyewe hadi chini.

Daktari wa macho mjini alisema kitovu cha macho yote mawili kimechakaa. Hatakuwa kipofu wa kushikwa mkono. Pembeni ataendelea kuona. Lakini kusoma, kuona uso wa mtu na kuendesha gari, hayo yamekwisha. Fortunato alisikiliza kwa utulivu, akashukuru, akarudi nyumbani, akalifunika lori turubai na kulifunga kamba. Kisha akakaa jikoni na redio. Mtu akipita kumsalimu alizungumza naye kuhusu mpira. Kuhusu lori, hapana.

Zulema alinijia siku moja nikiwa naanika nguo.

"Nica, unamkumbuka Mirta Sarapura? Yule aliyekuwa anang'ata wenzake?"

"Mwenye tipa la kokoto?"

"Huyo. Nimemwomba anifundishe kuendesha."

Kamba ya nguo ilinitoka mkononi. Dada yangu hakuwahi kuendesha hata baiskeli. "Na umri huo? Lori? Muulize basi mumeo akufundishe."

"Mume wangu atanifundisha kwa kupiga kelele. Mirta ananiogopa."

Ikawa kila asubuhi anamwambia Fortunato anakwenda kwa mtaalamu wa mgongo. Anatoka na mkoba wake, anafika mtoni kwenye machimbo ya kokoto, anapanda tipa. Nilimfuata mara moja nikaone. Vijana wa koleo wote walikuwa wanafunzi wake wa zamani, na wote walikuwa wamesimama juu ya kifusi wanapiga mbinja.

"Mwalimu, punguza gia! Gia, mwalimu!"

"Usikanyage klachi kama mende, mwalimu!"

"Ramiro, kamasi zako nilikuwa nazifuta mimi," alijibu Zulema kutoka dirishani. "Nyamaza."

Tipa likaruka kama punda, likazimika. Wakashangilia. Akawasha tena. Mirta pembeni yake alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, midomo inacheza; nadhani alikuwa anasali. Lakini dada yangu aliwahi kufundisha watoto wasiojua kushika penseli, na uvumilivu ule ule alijipa mwenyewe. Alipofeli mtihani wa leseni ya malori alirudi kesho yake machimboni. Mara ya pili akafaulu.

Siku aliyolitoa turubai sikuambiwa. Nilisikia injini ya Benzi inanguruma, halafu Fortunato akatoka mbio na mkono wake ukutani.

"Nica! Nica! Lori linaibwa!"

Lori lilikuwa linarudi nyuma kupita geti, taratibu, bila kugusa nguzo. Likasimama mbele yake. Sauti ikatoka juu: "Panda, mwizi akupeleke."

Fortunato akaweka kiganja kwenye mlango. "Gia ya kurudi nyuma," akasema, "unaitoa haraka mno."

"Panda, Fortunato."

Tukapanda Puna mwezi wa tano. Mimi nilikuwa kwenye kitundu changu. Zulema aliendesha amenyooka, pua karibu na kioo, majani ya koka shavuni, ya kuzuia kizunguzungu cha milimani, kama mchimba madini. Fortunato alikaa kiti cha abiria ndani ya gari alilolijenga kwa mikono yake, na hiyo, nadhani, ilimuuma kuliko macho. Hakunyamaza. Alisikiliza injini na kuamuru: ongeza, punguza, sasa ya tatu, pumzisha breki. Zulema alifuata. Mara nyingi alikuwa sahihi. Tulipita San Antonio de los Cobres, tukapunguza upepo wa tairi, tukaendelea kuelekea Tolar Grande, na ubishi wao ukawa kama redio ambayo hakuna anayeizima.

Mbele ya bonde moja njia ilikata kinamasi chembamba, pale maji ya mlimani yanapotoa majani mabichi kwa ajili ya lama, wale ngamia wadogo wa milimani. Zulema akasimama.

"Pana weusi pale mbele," akasema. "Naona kama pamelowa."

"Huo ni mchanga wa volkano," akasema Fortunato. "Wenzangu wa karakana walipita hapa, kipindi kama hiki, wakanisimulia. Pagumu. Nenda."

"Mimi naona pamelowa."

"Zulema, nenda, usipoteze kasi."

Akaenda. Gurudumu la mbele lilipita, la nyuma likazama hadi ekseli, na nyumba nzima ikainama upande kama mlevi. Akajaribu gia ndogo, akafunga difu, matairi yakachimba tu. Tukashuka. Fortunato aliomba koleo, akaanza kuchimba kwa nguvu, tope linamrukia usoni. Alilala chini, akapapasa ekseli, akatia mabamba ya chuma chini ya tairi kwa mikono bila kuyaona. Zulema akajaribu. Mabamba yakazama. Akatia tena. Yakazama tena. Jua lilikuwa linashuka na upepo ule wa alasiri unaokata masikio ulikuwa umeanza.

"Tena!" akapiga kelele. "Washa tena, kanyaga!"

Zulema alizima injini, akatoa ufunguo, akautia mfuko wa aproni.

"Leo tunalala hapa."

"Kwenye tope?"

"Kwenye nyumba. Si ulijenga nyumba?"

"Tukilala itakaa chini zaidi!"

"Ndoo niliyoisahau nje jana, asubuhi ilikuwa jiwe. Nilishindwa hata kuivunja kwa nyundo. Hili tope nalo ni maji. Acha baridi ifanye kazi, sisi tule."

Fortunato alisimama na koleo lake. Kisha alisema kwa sauti ya chini kuliko upepo, lakini niliisikia: "Uliona, na mimi nikakwambia hukuona."

"Ndiyo," alisema dada yangu. "Na mimi nikakusikiliza. Tusirudie, wote wawili. Vua viatu kabla hujaingia."

Ndani tulikaa tumeinama upande mmoja, supu ya charqui, nyama iliyokaushwa, ikijaa zaidi ukingo mmoja wa bakuli. Hita ilikuwa inatoa moshi mweusi. Hewa ya juu ni nyembamba na dizeli haiungui vizuri. Fortunato aliifungua juu ya magazeti, akakwangua masizi kwa vidole, akakaza skrubu ya mafuta kwa kusikiliza mlio wake tu, na ikatulia, joto likaja. Nilimwona mabega yanashuka. Kisha akageuzia uso kwenye lile dirisha kubwa.

"Kuna nini nje?" akauliza.

Zulema akapangusa ukungu kwa mkono. "Mlima."

"Mlima wa namna gani?"

"Wa..." Akafikiri. "Chini ni zambarau. Umekaa kama mama aliyejifunika blanketi anamsubiri mtu. Begani una theluji kidogo, na theluji imekuwa ya waridi, lakini inaondoka ninapokuambia. Kuna lama wanne. Mmoja ana utepe mwekundu sikioni, anatutazama kama sisi ndio wapumbavu."

"Ndio sisi," akasema Fortunato, akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu kwa daktari.

Alfajiri kinamasi kilikuwa simenti. Zulema aliwasha injini, akaiacha ipate joto. Tuliweka mabamba nyuma ya tairi. Fortunato akakaa kiti chake, mikono magotini, na nikaona midomo yake inafunguka mara mbili na kufungwa. Dada yangu akatia gia ya kurudi nyuma, ndogo kabisa, na lori likapanda kutoka kwenye shimo lake hatua kwa hatua, barafu ikilia chini yetu, mpaka tukasimama kwenye changarawe. Alipozima, alibaki ameushika usukani kwa mikono miwili. Mumewe ndiye aliyezunguka kwa kupapasa boneti, akamfungulia mlango, akampokea.

Toka hapo wameshakwenda mbali. Wamefika Chile, wamekwenda kusini mpaka kwenye upepo unaoangusha kondoo. Fortunato ndiye mpishi siku hizi, anapika kwa pua na masikio, na chumvi anazidisha. Anakaza bolti kila asubuhi kwa mkono, anapima upepo wa matairi kwa kuyagonga. Zulema anaendesha na kusimulia. Wanagombana sana. Mara moja walikaa siku mbili bila kusemeshana ndani ya chumba cha hatua nne, kwa sababu yeye alisema ziwa ni la kijani, na mumewe, kwa pembe ya jicho lake, akashikilia kwamba ni la buluu. Safari nyingine huenda nao, lakini si zote. Kuna mambo ya watu wawili ambayo kitundu cha kabini hakipaswi kusikia.

Mwezi uliopita alikuja mtu kutoka mjini, amevaa vizuri, amesikia habari za lori. Alimkuta Fortunato uani anamenya viazi. Akasema anataka kulinunua, na yuko tayari kungoja hata mwaka.

"Kamuulize dereva," alisema shemeji yangu, na kuonyesha juu kwa kisu.

Zulema alikuwa paani anafuta vumbi la sola. Alimsalimu yule bwana vizuri tu, akamuuliza mama yake hajambo, kwa sababu bwana huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wake, kisha, badala ya kutaja bei, akaomba ampitishie ndoo ya maji.

Mtu yule aliipitisha.